Jinsi ya kusawazisha milinganyo ya mwako usio kamili

JIKO la makaa linapoachwa likiwaka katika chumba kilichofungwa madirisha, gesi inayotoka huweza kuua kabla ya waliomo kutambua lolote. Chanzo cha hatari hiyo ni mwako usio kamili, na mlinganyo wa kikemia huonyesha wazi jinsi unavyotokea.

Fueli ikipata oksijeni ya kutosha, kaboni yake yote huwa kaboni dayoksaidi (CO₂) na haidrojeni yote huwa maji (H₂O). Oksijeni ikipungua, sehemu ya kaboni huishia kuwa kaboni monoksaidi (CO) au masizi (C).

Kanuni ya kusawazisha ni kwamba idadi ya atomu za kila elementi ilingane pande zote mbili. Nambari inayobadilishwa ni ile iliyo mbele ya fomula tu. Zile ndogo za ndani haziguswi, kwani anayeandika CO₂ badala ya CO ili hesabu ikubali huwa ametaja gesi nyingine kabisa.

Chukua mfano wa propani (C₃H₈), ambayo huchanganywa na butani katika mitungi ya gesi ya kupikia. Ikiungua na kutoa kaboni monoksaidi na maji, huandikwa hivi:

C₃H₈ + O₂ → CO + H₂O

Anza na kaboni: atomu 3 kushoto zinahitaji 3CO kulia. Kisha haidrojeni: atomu 8 zinahitaji 4H₂O. Oksijeni huhesabiwa mwisho. Kulia zipo atomu 7, yaani molekuli tatu na nusu za O₂. Ili kuondoa nusu hiyo, zidisha kila kitu kwa 2:

2C₃H₈ + 7O₂ → 6CO + 8H₂O

Katika mwako kamili, kiasi hicho hicho cha propani hutumia molekuli 10 za oksijeni:

2C₃H₈ + 10O₂ → 6CO₂ + 8H₂O

Molekuli 3 zilizokosekana ndizo zingegeuza CO yote kuwa CO₂.

Ikumbukwe kuwa mwako usio kamili hauna mlinganyo mmoja tu. Mazao hutegemea kiasi cha hewa, na mara nyingi huchanganyika:

C₃H₈ + 4O₂ → CO₂ + 2CO + 4H₂O

Kwa hivyo, mwanafunzi sharti kwanza ajue mazao yaliyotajwa katika swali.

Makaa, ambayo kwa sehemu kubwa ni kaboni, hufuata njia iyo hiyo:

2C + O₂ → 2CO

Hasara yake ni maradufu. Moli moja ya kaboni ikiwa CO₂ hutoa joto la kilojuli 394 hivi. Ikiishia CO hutoa 111 pekee. Isitoshe, CO haina rangi wala harufu, na hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu ni miongoni mwa dalili zake.

Kuweka sufuria ya maji jikoni hakuondoi sumu hiyo, kwani CO huyeyuka kwa kiasi kidogo mno majini. Makaa yaliyokwisha kutoa moshi nayo si salama, kwa kuwa CO haionekani. Jiko la makaa halifai kulaliwa nalo chumbani. Litolewe nje kabla ya watu kulala.