Popobawa na mvulana mwenye gongo

Kipindi kilichopita tulimcheka sana Popobawa. Mmoja wetu akaiga sauti ya mabawa, studio nzima ikaanguka. Kesho yake mamkubwa akanipigia simu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Na yule mtu aliyeuliwa, naye mlimcheka?"

Sisi tuliozaliwa huku London tulimpokea Popobawa kama kichekesho cha sebuleni. Mimi hofu halisi niliijua kupitia anime, hasa *Paranoia Agent* ya Satoshi Kon, ya mwaka 2004. Basi nikairudia yote, vipindi 13, safari hii nikiwa na swali la mamkubwa kichwani. (Kama hujaitazama, natoboa siri hapa.)

Msanifu mmoja wa Tokyo, Tsukiko Sagi, amebanwa na kazi. Usiku mmoja anasema amepigwa na mvulana mwenye viatu vya magurudumu na gongo la besiboli. Wanamwita Shonen Bat. Uvumi unaenea na wahanga wanaongezeka, kila mmoja akiwa mtu aliyefika ukutani. Kuna kipindi kizima cha akina mama wa mtaani wanaoshindana kusimulia habari zake, na kila hadithi inaizidi iliyotangulia.

Sasa rudi Pemba, mwanzoni mwa 1995. Watu wanasema kuna kitu kinawavamia na kuwaingilia usiku ndani ya nyumba zao, wanaume kwa wanawake. Familia zinalala nje, zimebanana kando ya moto. Hofu inavuka hadi Unguja, kisha Dar es Salaam. Na sharti lake lilikuwa hili: ukivamiwa, watangazie wenzako, la sivyo atarudi. Yaani zimwi lenyewe linataka kusimuliwa! Kon asingeweza kubuni zaidi ya hapo.

Tena tazama wakati wenyewe. Oktoba mwaka huohuo Zanzibar ilikuwa inakwenda kwenye uchaguzi wake wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi ya 1964. Dkt. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2, Maalim Seif wa CUF akapewa 49.8. Majirani walikuwa wameshaanza kutiliana shaka, na wapo waliosema hata Popobawa ametumwa na chama. Sisemi siasa ndiyo iliyomzaa. Nasema alikuta nyumba ambazo tayari hazilali.

Katika anime, polisi wanamkamata mwanafunzi aliyekuwa akimwiga Shonen Bat. Anafia rumande, na mashambulizi yanaendelea. Mjini Unguja umati ulimuua mtu aliyekuwa mgonjwa wa akili, wakidai ndiye Popobawa. Huyo ndiye mamkubwa aliyeniuliza habari zake. Kipindi chetu kilikuwa cha dakika 50 na hatukumtaja hata mara moja.

Ila mwisho wa hadithi hizi mbili haufanani. Tsukiko anakubali hatimaye kwamba mvulana yule alimtunga mwenyewe utotoni, mbwa wake alipogongwa na gari kwa uzembe wake. Akishasema kweli, zimwi linayeyuka. Zanzibar hapakuwa na mtunzi mmoja wa kukiri. Uvumi ulikuwa wa wote, na kifo kile hakikuwa na mwenyewe.

Nilimweleza mamkubwa haya yote kwenye simu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mimi niliwaambia majirani nimesikia mabawa juu ya bati. Sikusikia kitu, mwanangu. Niliogopa wasije wakaniona mimi ndiye sisadiki."

Ameniruhusu niyaandike, mradi nisimtaje jina. Kipindi kijacho tutamrudia Popobawa, na tutaanza na yule marehemu. Sauti ya mabawa tumeifuta.