Ukarabati wa Vanishi ya Poliuretani kwenye Sakafu ya Mbao Ngumu

Vanishi ya poliuretani hufanya utando juu ya mbao badala ya kuzama ndani yake. Sifa moja ya utando huu hutawala ukarabati wake wote: ukishakomaa, hauyeyuki tena. Mkono mpya wa shelaki au lakeri huyeyusha kidogo mkono wa zamani na kuungana nao. Mkono mpya wa poliuretani hushika tu pale msasa ulipokwaruza.

Ziko aina mbili zinazotumika zaidi majumbani. Ya mafuta ina rangi ya asali, huzidi kukoza kadiri miaka inavyopita, na huhitaji saa 8 hadi 24 kabla ya mkono unaofuata. Ya maji hubaki angavu na hukauka kwa saa chache. Tofauti ya rangi si jambo dogo, kwani kiraka cha vanishi ya maji kwenye sakafu ya mninga iliyopakwa vanishi ya mafuta huonekana kama doa lililopauka.

Utambuzi hutangulia kazi. Spiriti hulainisha shelaki na thina hulainisha lakeri, lakini poliuretani hustahimili zote mbili kwa muda wa jaribio. Tone la maji hupima uzima wa utando: likisimama kama shanga, utando ungalipo, likinywewa na mbao ikageuka nyeusi kidogo, umekwisha. Nta nayo sharti itafutwe na kuondolewa, kwa sababu hakuna mkono mpya unaoshika juu yake.

Uharibifu hupangwa kwa kina chake, wala si kwa ukubwa wake. Mkwaruzo mrefu unaoishia ndani ya utando ni kasoro nyepesi kuliko tundu dogo lililofika kwenye mbao. Mkwaruzo mweupe unaopotea machoni ukilowanishwa kwa tapentaini ni wa daraja la kwanza, na mkono mpya utauficha.

Kasoro za daraja hilo hutibiwa kwa kusugua na kupaka upya. Sakafu husafishwa, husuguliwa kwa msasa namba 120 hadi 150 mpaka mng'ao wote ufe, vumbi huondolewa, kisha hupakwa mkono mmoja au miwili. Sehemu yoyote iliyobaki inang'aa ni sehemu ambayo vanishi itabanduka. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na sababu yake ni haraka tu.

Daraja la pili ni utando uliolika hadi kwenye mbao, hasa mlangoni na njia ya kupitia. Kiraka hukubalika iwapo mipaka yake inafuata maungio ya mbao. Kikikatwa katikati ya ubao, ukingo wake huonekana daima. Mbao iliyo wazi hupakwa mikono kadhaa hadi ilingane na jirani zake, ndipo chumba kizima hupewa mkono wa mwisho.

Madoa meusi hayamo kwenye vanishi. Hutokea maji yanapokutanisha chuma na tanini ya mbao, kama chini ya chungu cha maua au kando ya msumari. Msasa peke yake mara nyingi hauyamalizi. Hung'arishwa kwa asidi oksaliki, ambayo ni sumu na lazima isuuzwe vizuri kabla ya kupaka.

Vanishi inayobanduka kwa maganda haitengenezwi kwa kuongeza mkono, kwa kuwa kilichoshindwa ni mshiko wa chini. Hupigwa msasa yote hadi mbao tupu, kuanzia namba 36 au 40, kisha 60, hatimaye 80 au 100. Ubao wenye ulimi una ukomo: ulimi ukikaribia kujitokeza, ubao hubadilishwa. Mvule huhitaji jaribio dogo kwanza, maana kemikali zake za asili huweza kuzuia vanishi ya mafuta kukauka.

Vitambaa vilivyolowa vanishi ya mafuta hujipasha joto na kuweza kuwaka vyenyewe. Hutandazwa nje au kulowekwa majini. Kukauka na kukomaa pia ni hali mbili tofauti. Sakafu hukanyagika baada ya siku moja au mbili, lakini mazulia hurudishwa baada ya wiki moja au mbili kwa vanishi ya maji, na hadi siku 30 kwa ya mafuta.