Hadithi Fupi za Hemingway katika Sinema za Hollywood, 1946–1952

Kati ya miaka ya 1930 na 1950, majarida ya Marekani yaliyochapisha hadithi fupi yalikuwa ghala ambamo studio za Hollywood zilichota visa vya filamu, kama alivyofanya John Ford alipotengeneza Stagecoach mwaka 1939 kutokana na hadithi ya Ernest Haycox iliyotoka katika jarida la Collier's mwaka 1937. Hata hivyo, hadithi fupi husomwa kwa kikao kimoja na hukusudia tukio moja, ilhali filamu ilitakiwa ijaze saa moja na nusu au zaidi, hivyo mwandishi wa mswada wa filamu, yaani mtu anayepanga matukio na maneno ya waigizaji, hakuwa na budi kuongeza. Ugumu wa kazi hiyo unadhihirika zaidi katika hadithi za Ernest Hemingway, aliyeifananisha sanaa yake na siwa barafu, yaani pande la barafu lielealo baharini ambalo sehemu moja tu kati ya nane huonekana juu ya maji.

Katika "The Killers" ya mwaka 1927, wauaji wawili wa kukodiwa wanaingia mkahawani kumvizia Ole Andreson, naye anapoonywa anabaki amelala kitandani akiuelekea ukuta, asitake kukimbia, na msomaji haambiwi kwa hakika alikosa nini. Filamu ya Robert Siodmak ya mwaka 1946 iliifuata hadithi hiyo kwa karibu sana katika dakika zake za mwanzo, kisha ikamleta mpelelezi wa kampuni ya bima, asiyekuwemo katika hadithi, ambaye anawahoji mashahidi mmoja baada ya mwingine ili kulijibu swali ambalo Hemingway aliliacha wazi.

Hadithi mbili zilizofuata zinaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa kuwa zilitokana na safari ya uwindaji ya Hemingway nchini Kenya na Tanganyika mwaka 1933 na 1934, ambapo aliugua kuhara damu akasafirishwa kwa ndege ndogo kwenda kutibiwa Nairobi. Ya kwanza, iliyohusu mwindaji Francis Macomber anayeuawa kwa risasi ya mkewe huku nyati akimjia, haisemi waziwazi kama mke alikusudia. Zoltan Korda alipoitengenezea filamu mwaka 1947, alibanwa na Kanuni ya Utayarishaji, yaani masharti ya maadili yaliyosimamiwa kwa ukali tangu mwaka 1934, ambayo hayakuruhusu uzinzi upambwe wala uhalifu ushinde. Ndiyo maana filamu inamfikisha mjane huyo mbele ya uchunguzi wa kifo.

Badiliko kubwa kuliko yote lilitokea katika The Snows of Kilimanjaro, iliyoongozwa na Henry King mwaka 1952. Katika hadithi ya mwaka 1936, mwandishi Harry amechubuliwa na mwiba, hakupaka dawa mapema, na sasa mguu wake unaoza huku tumbusi wakingoja karibu na hema. Usiku anaota kwamba ndege inamrusha kuelekea kilele cheupe cha Kilimanjaro, na mkewe anapoamshwa na sauti ya fisi anamkuta amekufa. Filamu ilimpa Harry mpenzi aitwaye Cynthia, ambaye hadithi haimjui, ikarefusha kumbukumbu zake za Paris na Uhispania, na mwishowe ikamponya, ndege ya kweli ikaja, na tumbusi wakaondoka.

Kuongeza peke yake hakukuwa kosa, maana Siodmak aliongeza mengi na bado kifo cha Andreson kikabaki na uzito wake. Kosa la filamu ya Kilimanjaro ni kukifuta kifo ambacho hadithi nzima ilikiandaa, kwa sababu majuto ya mtu kuhusu vitabu ambavyo hakuviandika hupungua makali akishapewa muda wa kuviandika. Tena, katika nyongeza zote hizo, Molo, mtumishi Mwafrika ambaye katika hadithi huitwa kuleta kinywaji, hakupewa na filamu kumbukumbu hata moja, ingawa Kilimanjaro ulikuwa mlima wa nchi yake.