Kariakoo na Wapangaji Wake

Katika Kiswahili neno "mpangaji" lina maana mbili. Mpangaji ni mtu anayelipa kodi ya chumba kila mwezi. Mpangaji pia ni yule mwenye ramani, anayeamua barabara ipite wapi, maduka yakae wapi na watu walale wapi. Historia ya Kariakoo, katikati ya Dar es Salaam, ni historia ya wapangaji wa aina hizo mbili. Katika insha hii nitajaribu kuonyesha kwamba wenye ramani walichora mistari ya kutenganisha watu na shughuli, lakini wenye vyumba ndio waliojenga mtaa wenyewe, na kwamba leo, wakati mabasi ya mwendokasi yanafika hadi Gerezani, kosa la zamani linaweza kurudiwa kwa sura nyingine.

Sisi wa Bujumbura huijua Kariakoo kabla hatujaiona. Bidhaa nyingi zinazouzwa madukani kwetu zimenunuliwa huko. Mimi nimekulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili ambao nao ulipangwa na wakoloni kwa barabara zilizonyooka, na siku ya kwanza nilipomsindikiza mama kununua mzigo Kariakoo, nilishangaa kuona mpango ninaoujua, ila umepandishwa ghorofa juu ya ghorofa. Mshangao huo ndio ulionifanya nitafute historia yake.

Wajerumani walihamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891. Mwaka huohuo walitoa kanuni za ujenzi zilizoigawa Dar es Salaam kwa aina ya nyumba. Upande wa mashariki, penye upepo wa bahari, ziliruhusiwa nyumba za mtindo wa Ulaya tu. Nyumba za udongo na makuti zilisukumwa pembeni. Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Kijerumani ilinunua shamba la mlowezi mmoja magharibi ya mji ili Waafrika wahamishiwe huko. Vita vikaukatisha mpango huo. Waingereza waliiteka Dar es Salaam mwaka 1916, na katika eneo hilohilo wakaweka kambi ya wapagazi wa jeshi, kikosi kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Midomo ya wenyeji ikalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Kwa hiyo mtaa wenye biashara nyingi kuliko yote mjini una jina la watu waliobebeshwa mizigo kwa nguvu, ambao maelfu kwa maelfu yao hawakurudi makwao.

Katika miaka ya 1920 Waingereza waliendeleza kazi ya Wajerumani. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, hivyo haikuwa rahisi kuandika sheria inayotaja rangi ya mtu waziwazi. Badala yake zilitajwa nyumba. Kulikuwa na kanda tatu: ya kwanza kwa nyumba za kiwango cha Ulaya, ya pili kwa biashara na makazi pamoja, ya tatu kwa nyumba za "kienyeji". Asiyeweza kujenga nyumba ya kiwango kilichotakiwa hakuwa na nafasi katika kanda husika, na kila mtu alijua ni nani asiyeweza. Wenyeji waliziita kanda hizo kwa majina yasiyoficha kitu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo liliachwa eneo la wazi, Mnazi Mmoja, ili magonjwa na watu visivuke ovyo. Hoja ya afya ilitumika kuhalalisha ubaguzi.

Lakini ndani ya viwanja vya Kariakoo mambo yalikwenda tofauti na ramani. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na uani penye jiko na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na kupangisha vingine. Barazani paliwekwa meza ya vitumbua, cherehani au kinyozi. Nyumba moja ilikuwa makazi, duka, karakana na chanzo cha kodi. Tena bandari na reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, zilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu. Kuli wa bandarini na mfanyakazi wa reli hakuhitaji nauli. Kile ambacho wataalamu wa leo wanakiita maendeleo ya mchanganyiko karibu na usafiri, yaani watu wengi, kazi na makazi mahali pamoja, kituo jirani, Kariakoo ilikuwa nacho bila afisa yeyote kukiidhinisha.

Mchanganyiko huo ulizaa pia siasa. Watu wa makabila mbalimbali waliokuwa wakipanga nyumba moja walizoeana, na habari za mgomo wa makuli wa mwaka 1947 hazikuwa na safari ndefu kutoka bandarini hadi vyumbani. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo.

Baada ya uhuru ilitegemewa kwamba mistari ya zamani ingefutwa. Kwa kiasi fulani ilifutwa, maana hakuna tena sheria ya nani akae wapi. Hata hivyo fikra ya kupanga mji kutoka mbali ilibaki. Mpango kabambe wa mwaka 1949 ulikuwa umeandikwa na kampuni ya Kiingereza. Ule wa mwaka 1968 na ule wa mwaka 1979 uliandikwa na kampuni za Kanada. Kazi moja tu kubwa ilitoka kwa mtu wa nchi yenyewe. Soko Kuu, lililofunguliwa mwaka 1975, lilisanifiwa na Beda Amuli kwa mapaa ya zege yaliyosimama kama miavuli, yanayotia kivuli na kukusanya maji ya mvua. Amuli hakuuondoa mchanganyiko wa Kariakoo, aliujengea paa. Kwa mtazamo wangu huo ndio mfano bora wa mipangomiji katika historia yote ya mtaa huu.

Miaka ya 1980 ilileta mabadiliko mawili. Mwaka 1983 serikali ilikubali daladala za watu binafsi, kwa sababu mabasi ya UDA yalikuwa hayatoshi. Kisha biashara ikalegezwa, bidhaa za nje zikamiminika, na Kariakoo ikageuka kuwa ghala la Tanzania na la majirani zake. Thamani ya kiwanja ikapanda kupita nyumba iliyokuwa juu yake. Warithi wa nyumba za vyumba sita walikuwa na njia mbili: kuuza, au kumpa mwekezaji kiwanja ajenge ghorofa kisha wagawane. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo ilimwezesha mtu kuwa na hati ya sehemu yake ndani ya ghorofa. Nyumba za Kiswahili zikaanguka moja baada ya nyingine.

Hapa lazima tuwe waangalifu. Ghorofa si adui. Mji unaokua hauwezi kubaki na nyumba za chini karibu na bandari na reli, na kuwasukuma watu wote pembezoni ni kuwatoza nauli na saa mbili za barabarani kila siku. Tatizo ni kwamba viwanja vilivyopimwa kwa ajili ya nyumba ya familia na wapangaji wake vilibebeshwa majengo marefu, huku barabara, mifereji na mabomba vikibaki kwa watu wa zamani. Tena ghorofa nyingi zilijazwa fremu za maduka na stoo. Kariakoo iliongeza urefu lakini ikapunguza mchanganyiko, kwa maana mpangaji wa chumba alishindwa kushindana na mpangaji wa fremu.

Awamu ya kwanza ya mwendokasi ilianza mwezi Mei 2016. Njia yake, karibu kilomita 21, inatoka Kimara kwenda Kivukoni, na tawi moja linapita mtaa wa Msimbazi hadi Gerezani. Mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Kwa kila kipimo cha vitabu vya mipangomiji, hapa ndipo watu wengi zaidi wanapaswa kuishi. Lakini matukio mawili yanatuonya. Tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu liliungua. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka watu wakiwa kazini, na zaidi ya watu 20 wakafa. Sisi wa Bujumbura tunaelewa, kwa kuwa soko letu kuu liliteketea Januari 2013. Panapokusanyika watu wengi, ukaguzi wa nguzo, nyaya za umeme na njia za kutokea ndio uhai wao.

Nahitimisha hivi. Wakoloni waliona msongamano na mchanganyiko kuwa ugonjwa, wakachora kanda. Kizazi chetu kimejifunza kuusifu, lakini sifa peke yake haijengi mfereji. Kazi halali ya mwenye ramani si kuamua nani akae na nani, bali kuhakikisha jengo halianguki, maji machafu yanatoka na gari la zimamoto linapita. Na ipo kazi ya pili ambayo historia ya Kariakoo inaidai: kila ghorofa inayopewa kibali cha kuongezwa urefu kwa sababu iko karibu na kituo, itenge sehemu ya vyumba vya kuishi ambavyo muuza vitumbua na mpiga cherehani wanaweza kuvilipia. Bila sharti hilo, wale walioifanya Kariakoo iwe Kariakoo wataipita kila asubuhi wakiwa wamesimama ndani ya basi, wakitokea mbali. Kanda ya tatu itakuwa imerudi, ila safari hii itakuwa imechorwa na bei.