Mbusa, Jina la Mwana wa Sita

Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, mzazi wa Kinande hahangaiki kumtafutia mwanawe jina la kwanza. Jina lipo tangu zamani, linangoja zamu yake. Mtoto wa kwanza wa kiume ni Paluku, au Mumbere, au Nzanzu, kwa maana mzaliwa wa kwanza ana majina zaidi ya moja. Wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo. Wa sita ni Mbusa. Wasichana wana mstari wao: Masika, Kavira, Kavugho, Kahambu, Katungu, Kyakimwa. Mapacha nao wana majina yao ya pekee.

Kwa hiyo ukiuliza maana ya Mbusa, jibu ni la hesabu. Jina hili halisimulii mvua iliyonyesha usiku wa kuzaliwa, wala njaa ya mwaka ule, wala babu aliyefariki. Linasema tu kwamba nyumba hii ilikwisha kupata wavulana watano kabla ya huyu. Anayelisikia kwa mara ya kwanza anajua habari za mama wa mtoto kabla hajaonana naye.

Jina hili ni adimu, na sababu iko hapo hapo. Katika darasa moja la shule ya msingi mjini Butembo si ajabu kukuta akina Kambale kadhaa, na Mbusa asiwepo hata mmoja. Chukua nyumba yenye watoto sita. Ili apatikane Mbusa, wote sita lazima wawe wavulana, na hilo hutokea katika nyumba moja kati ya 64. Nyumba ya watoto wanane ina nafasi ya karibu moja kati ya saba. Hata ikifika watoto kumi, nafasi inapita theluthi kidogo tu. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya uliofanywa Kongo mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba mwanamke huzaa kwa wastani watoto 6.6. Huo ni uzazi mkubwa kwa kipimo chochote cha dunia, lakini wastani huo unamwacha Mbusa nje ya nyumba nyingi.

Kwingine majina hupanda na kushuka kwa sifa za watu. Barack Obama aliposhinda urais wa Marekani mwaka 2008, baadhi ya watoto waliozaliwa magharibi mwa Kenya siku zile walipewa jina lake. Mbusa hawezi kuongezeka kwa njia hiyo. Mtu wa jina hili anayejulikana zaidi ni Antipas Mbusa Nyamwisi, aliyeongoza kundi la waasi la RCD-K/ML na kuitawala Beni na Butembo wakati wa vita vya Kongo, kisha akawa waziri wa mambo ya nje mwaka 2007 na kurudi serikalini mwaka 2023. Kwa miaka mingi jina lake lilitajwa redioni, majumbani na makanisani, likapendwa na wengine na kuchukiwa na wengine. Hata hivyo, aliyempenda hakuweza kumwita mwanawe wa pili Mbusa kwa kufuata desturi, maana wa pili ni Kambale. Na aliyemchukia, mwana wa sita alipozaliwa, jina lilikuwa lile lile.

Jambo hili nalihesabu kuwa ndilo kubwa kabisa katika desturi ya Wanande. Jina la kwanza liko nje ya mikono ya wenye nguvu.

Pia tazama ni majina gani yamekaa kwenye viti. Julien Paluku Kahongya alikuwa gavana wa Kivu Kaskazini kuanzia 2007 hadi 2019. Aliyempokea ni Carly Nzanzu Kasivita, akashika kazi hadi utawala wa kijeshi ulipoanza mwezi Mei 2021. Askofu aliyekabidhiwa jimbo la Butembo-Beni mwaka 1998 ni Melchisédech Sikuli Paluku. Ng'ambo ya milima ya Rwenzori, kwa ndugu zao Wakonzo, Omusinga (mfalme) wa Rwenzururu ni Charles Wesley Mumbere, ambaye ufalme wake ulitambuliwa na serikali ya Uganda mwaka 2009. Paluku, Nzanzu, Paluku, Mumbere: yote ni majina ya mzaliwa wa kwanza. Asifikiri mtu kwamba desturi huwapendelea wakubwa. Kila nyumba yenye mvulana ina mzaliwa wa kwanza, na ni nyumba chache zenye wa sita.

Asili ya mfululizo huu ni ya zamani kuliko miji yenyewe. Wanande, ambao hujiita pia Wayira, ni ndugu wa Wakonzo wa Kasese na Bundibugyo upande wa Uganda. Wakonzo wanahesabu vilevile: Bwambale, Masereka, Kule, Thembo. Upande wa Kongo majina hayo yameongezewa silabi mbele au kugeuzwa kidogo, yakawa Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo. Biira wa Kasese ni Kavira wa Butembo, na Kabugho ni Kavugho. Mbusa ni Mbusa pande zote mbili, kama Masika na Kyakimwa. Mkataba wa mwaka 1910 kati ya Ubelgiji, Uingereza na Ujerumani ndio uliopitisha mpaka katika eneo hili na kuwaweka ndugu hao katika makoloni mawili. Watu waliotenganishwa na mpaka wasingeweza kukubaliana baadaye juu ya orodha moja yenye mpangilio ule ule, tena ya wavulana na ya wasichana. Orodha ilikuwepo kwanza, mpaka ukaikuta.

Mapadre wa Asumpsio walifika nchi ya Wanande mwaka 1929, nao wakaleta jina la ubatizo. Halikung'oa la hesabu, likakaa pembeni yake. Mtu akawa Paluku kwa mama yake na Jean mbele ya padre, na katikati likakaa jina la tatu, la ukoo au la kumbukumbu. Mwaka 1972 Rais Mobutu alipofuta majina ya Kikristo kwa siasa yake ya uhalisi, na Kardinali Malula akalazimika kwenda Roma kwa kuipinga, wengi nchini walitafuta majina ya mababu ili wajaze nafasi iliyobaki wazi. Mnande hakuwa na la kutafuta. Aliondoa Jean, akabaki na Paluku aliyekuwa naye tangu siku ya kuzaliwa. Sheria ya familia ya mwaka 1987 nayo ilitaka majina yatoke katika urithi wa utamaduni wa nchi, na kwa hilo Butembo na Beni hawakuwa na la kubadili. Majina ya ubatizo yalirudi hadharani kuanzia 1990.

Mgeni huchanganyikiwa na jambo moja. Kambale na Kasereka wanaweza kuwa wana wa baba mmoja na mama mmoja, na karatasi zao zisionyeshe jina lolote linalofanana. Wakati mwingine kinachowaunganisha ni jina la ukoo au la baba. Antipas Mbusa Nyamwisi na ndugu yake Enoch Nyamwisi Muvingi, mwanasiasa aliyeuawa Butembo mwezi Januari 1993, wameunganishwa na Nyamwisi, wala si na jina la hesabu. Wafanyabiashara wa Butembo wanaosafiri kwenda Dubai na Guangzhou wanajua shida ya kueleza haya mbele ya afisa wa mpakani anayetafuta jina la familia.

Kuna pia Muhindo, linalokatiza mstari. Hupewa mtoto anayegeuza jinsia ya waliomtangulia, yaani msichana anayekuja baada ya wavulana au mvulana anayekuja baada ya wasichana, na ni jina moja kwa wote wawili. Muhindo Nzangi, aliyeteuliwa kuwa waziri wa elimu ya juu mwaka 2021, analo. Basi usihesabu nyumba ya mtu kwa haraka.

Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia katika eneo la Beni yametawanya familia, wengine Butembo, wengine Goma, wengine Uganda. Katika hali hiyo jina la hesabu limekuwa ushahidi. Mtoto anayeitwa Kakule, hata akipatikana peke yake barabarani, anatangaza kwamba wako wavulana watatu waliomtangulia, na anayetafuta ndugu zake ana pa kuanzia.

Siku za mbele za Mbusa ni finyu. Mijini watu wanaanza kuzaa watoto wachache, na nyumba ya watoto wanne haimjui Mbusa wala Katembo. Hilo silisikitikii, ni haki ya kila mama kuzaa anaoweza kuwalea, na jina kubaki bila mwenyewe kwa sababu hiyo si hasara ya utamaduni. Hasara inatoka kwingine. Wanande walioko Ulaya na Amerika Kaskazini wanakuta sheria au mazoea ya huko yakilifanya jina la hesabu la baba kuwa jina la familia. Basi msichana aliyezaliwa Brussels anaandikwa Kambale, jina la mwana wa pili wa kiume, na kaka zake wote ni Kambale. Kizazi kimoja tu kinatosha, hesabu imekwisha, na jina lililosema mahali pa mtoto katika tumbo la mama yake linabaki sauti tupu.

Nafasi ya jina la kwanza, hata huko, bado ni ya mzazi kuchagua. Wazazi wa Kinande mlioko ughaibuni, liacheni Kambale la baba likae mwisho kama sheria inavyotaka, lakini mbele mwandikieni binti Masika, mwenzake Kavira, na mvulana wa kwanza Paluku. Na ikitokea mkajaliwa wavulana sita, wa sita msimnyime jina lake.