Replika: nakala, mwigo au bandia?

Rafiki yangu wa Muyinga alinipigia simu hapa Gitega. "Ndugu yangu, nimepata replika ya bunduki ya Mauser ya Mjerumani. Ninunue?" Babu yake alikuwa askari wa Wajerumani, naye anataka kuitundika sebuleni, chini ya picha ya mzee. Nikamuuliza: inatoa risasi? Hakujua. Muuzaji alimpa neno "replika" tu.

Replika ni kitu kipya kilichotengenezwa kwa sura ya kitu cha zamani. Kiswahili kina maneno matatu yanayoweza kukaa mahali pake, na hayalingani. Bandia kwa asili ni mwanasesere wa mtoto, ila leo neno limebeba udanganyifu: noti bandia, dawa bandia. Bunduki ya juzi iliyotiwa kutu makusudi ili iuzwe kama ya mwaka 1871 ni bandia. Nakala hufanya kazi ya asili yake, kama nakala ya cheti iliyogongwa muhuri inavyopokelewa ofisini. Bunduki za Winchester za mtindo wa 1873 zinazotengenezwa leo na kampuni ya Uberti ya Italia ni nakala, kwa sababu zinapiga risasi za kweli. Mwigo hufuata sura peke yake.

Wazee wetu walikuwa makini kuliko sisi katika jambo hili. Walisema bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Ya gumegume, iliyowashwa kwa jiwe. Na ya fataki, iliyowashwa kwa kofia ndogo ya mlipuko. Waliipa bunduki jina kwa namna moto unavyoifikia baruti. Mauser ya 1871, yenye risasi ya milimita 11, nayo ilijulikana kwa kazi yake: mwaka 1914 askari wengi wa Mjerumani huku Afrika Mashariki bado walikuwa nayo, na moshi wa baruti yake nyeusi uliwafichua walipojificha.

Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha haizihesabu silaha za kale na replika zake kuwa silaha za moto. Lakini inaiachia sheria ya kila nchi kueleza replika ni ipi, na haikubali silaha iliyotengenezwa baada ya 1899 iitwe ya kale. Mnunuzi anayeshika neno "replika" peke yake ameshika neno lisilomkinga.

Nikamwambia achukue sumaku na tochi. Miigo mingi ya mapambo hutengenezwa kwa mchanganyiko wa zinki, ambao haushikwi na sumaku, na mtutu wake huwa umezibwa. Jioni akapiga tena. Sumaku ilinasa. Alipomulika ndani ya mtutu aliona mifereji ikizunguka kutoka mwanzo hadi mwisho, ile inayoipa risasi mzunguko. Basi iwe nakala au iwe Mauser yenyewe, ile ni silaha.

Nilimwambia asiinunue. Nchi hii ya Burundi ilianza kupigana mwaka 1993, na vita vilidumu zaidi ya miaka kumi. Jirani akiona mtutu dirishani usiku hataulizia mwaka wa kutengenezwa. Bila kibali, polisi nao hawataulizia babu.

Nawapendekezea waandishi na wafasiri wenzangu: tuseme nakala kwa inayofyatua, mwigo kwa isiyofyatua, na bandia tumwachie tapeli. Nawe msomaji, ukiuziwa "replika", mtake muuzaji achague neno moja kati ya hayo matatu kabla hujatoa hata faranga moja.