Kicukiro 1994: Siku Tano Kwenye Geti la ETO

Kicukiro ni mojawapo ya wilaya tatu za Jiji la Kigali, pamoja na Gasabo na Nyarugenge. Mipaka yake ya sasa ilichorwa mwaka 2006. Lakini anayetaka kuelewa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, namna yalivyoanza na namna dunia ilivyowapa mgongo waliokuwa wakiomba kuokolewa, atayakuta mengi ndani ya wilaya hii moja: Kanombe, Gikondo, shule ya ETO na kilima cha Nyanza.

Jioni ya tarehe 6 Aprili, ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilitunguliwa ikikaribia kutua kwenye uwanja wa ndege wa Kanombe. Alikuwa akirejea kutoka mkutano wa viongozi wa kanda uliofanyika Dar es Salaam, na pamoja naye alikuwemo Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Wote waliokuwemo walikufa. Usiku huohuo vizuizi vilisimama barabarani, na kitambulisho chenye kabila la mwenyewe kikawa hukumu ya kuishi au kufa. Mambo hayakwenda kasi hivyo kwa bahati: silaha zilikuwa zimegawiwa, vijana wa kundi la wanamgambo la Interahamwe walikuwa wamefunzwa, na redio ya RTLM ilikuwa imepanda chuki kwa miezi kadhaa.

Familia za mitaa ya jirani zilikimbilia ETO, shule ya ufundi iliyokuwa ikiendeshwa na mapadri Wasalesiani wa Don Bosco. Sababu ilikuwa wazi. Pale walipiga kambi askari wa Ubelgiji wapatao 90 wa UNAMIR, kikosi cha Umoja wa Mataifa, chini ya afisa Luc Lemaire. Watu waliojazana madarasani na viwanjani walifikia takriban 2,000. Miongoni mwao alikuwa Boniface Ngulinzira, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje na mmoja wa wajenzi wa mazungumzo ya amani ya Arusha kati ya serikali na waasi wa RPF.

Nje ya uzio wauaji walizunguka na mapanga, marungu na bunduki, wakipiga filimbi, wakinywa bia, wakingoja. Hawakuingia. Siku ziliyoyoma, na askari hao wachache wenye silaha nyepesi wakatosha kuwazuia. Linganisha na yaliyotokea Gikondo, kilomita chache kutoka hapo, tarehe 9 Aprili. Kwenye parokia ya Wapalotini walikuwepo waangalizi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa, raia wa Poland, lakini hawakuwa na silaha. Walishikiwa bunduki, na Watutsi wapatao mia moja waliokuwa wamejificha kanisani wakauawa. Umoja wa Mataifa ulikuwepo kote kuwili, ila ni ETO tu ulikokuwa na uwezo wa kujibu.

Tarehe 7 Aprili askari 10 wa Ubelgiji walikuwa wameuawa katika Kambi Kigali. Baada ya hapo hesabu za serikali za Ulaya zilielekea upande mmoja: kuwaondoa raia wa kigeni. Tarehe 11 askari wa Ufaransa walifika ETO kuwachukua wageni, na mchana Wabelgiji nao wakapewa amri ya kuondoka. Wakimbizi waliwasihi wabaki. Wapo walioomba wapigwe risasi na askari hao, kuliko kuachiwa mapanga. Wengine walijilaza mbele ya magari, na askari wakafyatua risasi hewani ili wapate njia.

Wauaji waliingia mara moja. Waliofanikiwa kutoka walishika njia ya kwenda Uwanja wa Amahoro, kulikokuwa na askari wengine wa UNAMIR, lakini walizuiwa karibu na kiwanda cha Sonatubes. Wakageuzwa, wakaswagwa barabarani kuelekea Nyanza, mahali palipokuwa pakitupwa taka, wakipigwa na kutukanwa njia nzima. Kule juu, waliokuwa na kitambulisho cha Kihutu waliambiwa waondoke. Waliobaki walirushiwa maguruneti na kumiminiwa risasi, kisha mapanga yakapita kwa waliokuwa bado wanapumua. Wachache waliosalia kati ya miili waliokolewa na askari wa RPF. Ngulinzira naye aliuawa.

Siku kumi baadaye, tarehe 21 Aprili, Baraza la Usalama lilipitisha Azimio 912 na kupunguza kikosi chote cha UNAMIR kuwa watu 270. Uamuzi uliokwisha kupimwa Kicukiro, matokeo yake yakiwa wazi, ukageuzwa kuwa sera ya nchi nzima.

Haki ilichelewa, ila ilifika. Georges Rutaganda, makamu wa pili wa rais wa Interahamwe, alikamatwa Zambia mwaka 1995. Tarehe 6 Desemba 1999 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha, na kushiriki kwake katika mashambulizi ya ETO ni sehemu ya hukumu hiyo. Mwaka 2000 Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Guy Verhofstadt, alikuja Kigali kuomba msamaha kwa niaba ya nchi yake.

Leo ETO ni chuo cha ufundi, na magari ya Bugesera hupita Nyanza kutwa nzima. Hapo pana makaburi, kumbukumbu na Bustani ya Kumbukumbu, na kila tarehe 11 Aprili manusura hukusanyika.

Kila mauaji makubwa yanapotokea, tunaambiwa kwamba walinda amani walikuwa wachache na hawakuwa na la kufanya. Kicukiro inakanusha. Kwa siku tano wachache waliweza, na waliokimbilia ulinzi wao walikufa siku ileile ulinzi ulipoondolewa. Kwa hiyo kanda yetu inapotuma vikosi kulinda raia, swali la kuuliza kabla ya idadi ya askari ni hili: wakiamriwa kuondoka, raia waliojikusanya nyuma yao watakwenda wapi, na nani atawafikisha huko wakiwa hai?